Pikipiki ya theluji ikipinduka, usikimbilie kuvuta kamba

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naomba nafasi kidogo maana kuna kitu kimenikaa kooni toka wiki iliyopita, kwenye ule ukurasa wenu wa vyombo vya moto kuna msomaji aliuliza pikipiki yake ya theluji (kile chombo chenye skii mbele na mkanda mpana wa treki nyuma) imepinduka kwenye mteremko afanye nini, mkamjibu aiinue, aiwashe, ikiwaka na haina mlio wa ajabu aendelee na safari. Jamani! Hapo kwenye "ikiwaka aendelee" ndo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivohivo ikaniondokea injini, na siku hizi kazi yangu ni kufungua injini ndogo na kila msimu nakutana na watu wenye kisa kilekile, wanaanza na maneno yaleyale, "fundi, ilikuwa inawaka vizuri tu".

Watu wanaogopa injini iliyogoma. Mimi ile iliyogoma siiogopi sana, naogopa iliyowaka.

Nisimulie kidogo. Yangu ilikuwa tu-stroku (injini inayochoma oili pamoja na petroli) ya silinda mbili, ya kabureta, nimepanda nayo kilima kwa ubavu, theluji ikaachia chini ya skii ya upande wa chini, nikaruka pembeni yenyewe ikabiringika mara moja na nusu ikalala chali, skii juu. Spidi ilikuwa ndogo, plastiki ya mbele ikapata ufa tu, mimi sina hata mchubuko. Ikakaa chali kama dakika kumi hivi maana ni kitu cha kilo 200 na ushee na nilikuwa peke yangu nahangaika kuchimba theluji pembeni nipate pa kuishikia. Nilipoiinua nikavuta kamba ya kuwashia, ya kwanza nzito, ya pili nzito, ya tano ikakohoa, ikatoa moshi mweupe mzito kama mtu anachoma majani mabichi, halafu ikatulia. Basi nikajiona bingwa. Nikaendesha kama dakika ishirini hivi, mwanzoni iko sawa kabisa, tena niliona kama inavuta kuliko siku zote (hiyo pia ni dalili ila sikuijua kipindi hicho), halafu ghafla treki ikakaba kama kuna mtu kakanyaga breki, kimya. Kamba haivutiki. Injini imenoki.

Tulipokuja kutoa eksozi na kumulika na tochi kwenye tundu la kutolea moshi, pistoni ya silinda moja ilikuwa na michirizi ya wima toka juu mpaka chini, ukipitisha ukucha unakwama, na aluminiamu imejipaka kwenye ukuta wa silinda kama siagi. Ringi huioni, imefunikwa. Silinda ya pili safi kabisa, inang'aa.

Sababu? Hewa kwenye paipu ya oili. Yaani tu-stroku nyingi za hizi pikipiki zina tenki la oili pembeni na pampu inayopeleka oili ndani ya injini kidogo kidogo, na tundu la kutolea oili liko chini ya tenki. Sasa chombo kikilala chali, chini imekuwa juu, oili yote imekimbilia kwenye kifuniko na tundu linanyonya hewa. Ukiinua, tenki linaonekana limejaa, kila kitu kizuri, lakini ndani ya ile paipu nyembamba kuna kipande cha hewa kinatembea taratibu kuelekea kwenye pampu, na kikifika hapo silinda haipati oili mpaka kipite, na kuna kingine huwa hakipiti, kinakaa hapohapo. Injini haikwambii chochote. Hiyo ndo shida yake, tu-stroku haina presha ya oili ya kupimwa, nyingi zina taa ya kiwango cha oili kwenye tenki tu, na tenki limejaa!

Dawa yake ni kazi ya muda mfupi tu. Pale kwenye pampu kuna skrubu ya kutolea hewa, unailegeza unaacha oili itiririke mpaka mapovu yaishe kabisa, unakaza. Paipu nyingi unaona ndani, kwahiyo mulika na tochi ufuatilie toka tenkini mpaka kwenye pampu, na zile nyembamba zinazotoka kwenye pampu kwenda kwenye injini nazo ziangalie. Wengine tunaongezea bima, tunachanganya oili kwenye petroli ya safari ile ya kwanza, moja kwa hamsini, yaani mililita 200 kwa lita 10, ili hata pampu ikichelewa pistoni isiende kavu. Angalizo, hii inafaa zile ambazo petroli inapita chini kwenye kranki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) kwanza, zile za injekta zinazopiga petroli moja kwa moja juu ya pistoni haiwasaidii chini huko, hao watoe hewa kwenye paipu tu, hakuna njia ya mkato.

Sasa kabla hata ya oili kuna swala la ile kamba. Ikiwa chali, petroli ya kwenye bakuli za kabureta inamwagikia ndani ya injini, na kwenye tu-stroku inashuka mpaka kwenye nyumba ya kranki inajaa huko chini. Ukivuta kwa nguvu, pistoni inapanda inakutana na maji maji, na maji maji hayabanwi kama hewa, hata uwe na mkono wa chuma. Kwa mkono mara nyingi utaishia kuumia bega. Lakini kwa stata ya umeme, hasa kwenye foo stroku (injini inayotunza oili yake ndani kama ya gari), hapo ndo konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, inapinda. Foo stroku ikipinduka oili yake inapanda kupitia bomba la kupumulia inaingia kwenye boksi la hewa, na kutoka hapo inashukia juu ya pistoni. Jamaa yangu mmoja alibonyeza swichi mara moja tu, akasikia "ka!" kama mtu kagonga nyundo kwenye chuma, akafikiri betri imekufa kwa baridi. Akabonyeza tena. Ile ya pili ndo iliyomaliza kazi, na nilipomfungulia konrodi ilikuwa imepinda kidogo sana, huwezi kuiona mpaka uweke rula pembeni.

Kwahiyo utaratibu wangu siku hizi, na ndo naomba mumwambie yule msomaji, ni kwamba kwanza mtu mwenyewe ajiangalie na abiria wake, shingo, kichwa, maana ukiwa umepaniki huumwi, utakuja kuumwa baadaye. Halafu swichi ya kuzimia iwe chini na ile kamba ya usalama ya kwenye mkono iwe imechomolewa, funguo off. Kama unasikia harufu ya petroli usiguse chochote kinachotoa cheche mpaka harufu iishe na ujue ilikuwa inatoka wapi. Inua, iache ikae kwa miguu yake dakika kumi au zaidi vitu virudi mahali pake, wakati huo fungua kava za pembeni uangalie.

Angalia nini? Mimi naanzia kwenye boksi la hewa. Huwa limejaa theluji, na theluji ile ikiyeyuka kwa joto la injini ni maji, yanaingia kwenye silinda au yanaganda tena kwenye kabureta na kuikamata akseleta ikiwa wazi. Kwahiyo kabla hujawasha minya akseleta uachie, lazima irudi kwa "tak!", ikirudi kivivu usiwashe kabisa, pikipiki ya theluji iliyokwama akseleta ikiwa wazi na wewe umesimama mbele yake sitaki hata kuielezea.

Baada ya hapo toa plagi zote. Kofia za plagi ziunganishe na chuma cha injini au tumia vishikizo vyake kama injini inavyo, usiziache zikining'inia maana petroli itakayoruka kwenye matundu ikikutana na cheche utalia. Halafu vuta kamba POLEPOLE, mkono mmoja, usikilize. Kama imejaa utaona petroli inaruka kama chemchemi, simama pembeni, rudia mpaka itoke hewa tupu. Ikikaba sehemu moja kila ukivuta na plagi zimetoka, hapo si petroli tena, hapo kuna kitu kimepinda au kimevunjika, acha, ivutwe kwa kamba iende nyumbani. Zile plagi zikaushe au weka mpya. Plagi nyeusi mbichi isikutishe, imekunywa petroli tu. Ya kutisha ni ile nyeupe kavu yenye vitone vidogo vidogo vya kung'aa kama vumbi la fedha, hiyo ni pistoni yako inaanza kuhama.

Na hapa nirudi kwenye ile "inavuta kuliko siku zote" niliyosema mwanzo. Kati ya kabureta na silinda kuna mpira. Injini ikipigika inacheza kwenye mauntini zake (vishikio vyake) na ule mpira unachomoka kidogo au unapata ufa upande wa chini ambako huoni. Hewa ya wizi inaingia, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, na injini ikiwa kavu kwa muda mfupi inakuwa nyepesi, inaitika haraka, unafurahia, kumbe inajipika. Kwangu mimi ilikuwa hewa kwenye oili na ufa kwenye mpira, vyote viwili kwenye silinda ileile, ndo maana ile nyingine ilibaki inang'aa. Ufa wenyewe niliupata baadaye nikiwa nimeukunja mpira kwa vidole, ukiwa umenyooka hauonekani. Fundi mwenye vifaa ataziba matundu ya kuingilia na kutolea hewa, atajaza upepo kidogo aone kama unakaa, na sehemu yenye wasiwasi anapaka povu la sabuni. Povu likivimba, umeshampata mwizi.

Vingine nipite haraka. Kulanti (maji ya kupoozea injini) iangalie kiwango na ikiwezekana toa hewa maana nayo inaingiza mapovu, na zile redieta za chini ya kiti zinaweza kubonyea na kuvuja taratibu, harufu yake ya utamu utaijua. Foo stroku chomoa kijiti cha oili, ikiwa nyeupe kama maziwa ina maji ndani, usiwashe. Mkanda wa klachi ukiwa umelowa oili utateleza, futa au badilisha, na kama ndani ya wiki moja unakula mkanda wa pili upande mmoja basi injini imehama kwenye mauntini na klachi mbili haziangaliani. Springi zinazoshikilia eksozi zihesabu kama zipo zote. Skii na stelingi hilo ni somo jingine na nyie mlilieleza vizuri, nawapa haki yenu.

Ukishawasha usikimbilie kuminya akseleta kwa sifa, iache isailensi (ingurume taratibu yenyewe) nje, sio ndani ya banda lililofungwa ule moshi unaua, isikilize ikipata moto, zima, angalia chini kama kuna kinachodondoka. Ukifika nyumbani pima kompresheni (nguvu ya hewa inavyobanwa na pistoni) silinda zote, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, akseleta wazi mpaka mwisho. Namba yenyewe inategemea injini na urefu wa mahali ulipo toka usawa wa bahari kwahiyo usiniulize ngapi ni nzuri, angalia zisipishane zaidi ya kama asilimia 10. Na hata kama kompresheni ni nzuri mimi bado natoa eksozi namulika pistoni, kwa sababu pistoni iliyoanza kuchubuka inaweza kukupa kompresheni nzuri kabisa, ringi bado zinabana, michirizi iko chini yake.

Najua mtasema gazeti halina nafasi ya yote haya. Sawa, lakini mstari mmoja wa kusahihisha lile jibu mnao, kwamba plagi zitoke kwanza na oili itolewe hewa kabla ya safari. Ile pistoni yangu bado ninayo hapa kwenye meza ya kazi, naitumia kuzuia makaratasi yasipeperuke, mkitaka picha yake ya kuweka pembeni ya masahihisho nitaipiga niwatumie leo leo.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi wa injini ndogo