Wajukuu hawakatai mboga, wanatuiga sie

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni bibi wa hapa Malindi, mtaa wa Shela, na wajukuu zangu watatu wa Nairobi walikuwa kwangu wiki nne likizo ya Disemba, wameondoka juzi na nyumba imekuwa kimya mpaka naskia friji ikinguruma. Sasa kabla sijasahau nataka niseme hili jambo la watoto na mboga, manake kila nyumba nikipita naskia kilio ni hicho hicho.

Walishuka treni pale Miritini, Mombasa, wakapanda matatu mpaka huku, wakafika saa mbili usiku hoi bin taabani, nami nimewawekea wali wa nazi, mchicha na pojo. Mkubwa, ana miaka kumi na mmoja, akafunua kifuniko akaniuliza "Bibi, kwani hakuna nyama?" Yule kitinda mimba wa miaka mitano akasema hicho cha kijani ni chakula cha ng'ombe. Nikamwambia haya mume wangu, mume gani wewe unafika nyumbani siku ya kwanza unautukana upishi wa mkeo! (Bara sijui kama bibi na mjukuu wanataniana hivi, kwetu ndiyo desturi, wa kiume ni mume na wa kike ni mke mwenza.) Nilicheka lakini iliniuma.

Kesho yake nikajitia ujanja. Nikasaga mchicha kwenye blenda, nikaukandia unga wa chapati, zikatoka kijani kweli kweli, nikawaambia hizi ni chapati za Kitaliano, si mnajua Malindi yetu imejaa Wataliano? Wakala mbili mbili wakaomba tena. Basi yule wa kike wa miaka minane akaenda jikoni kunywa maji akaikuta blenda sijaiosha. Wallahi kuanzia hapo kila nikiweka kitu wanakinusa kwanza, hata mahamri waliyapasua kutafuta mchicha ndani. Wiki nzima sikuaminika nyumbani kwangu mwenyewe. Ndio maana wakina mama mnaoshauriana kuwafichia watoto mboga kwenye mchuzi na kwenye keki mie nasema hapana, mtoto akikugundua mara moja umeumia, na kwanza anakula miaka mia bila kujua kama mchicha ni mtamu.

Lakini jambo lililonifungua macho ni la babu yao. Babu ana sukari, ameambiwa kliniki apunguze wanga aongeze mboga, na akapewa karatasi imeandikwa kabisa kwamba Shirika la Afya Duniani linasema mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Akabishana na nesi mbele ya watu ati yeye chipsi anakula kila siku na kiazi si kinatoka shambani? Nesi akamwambia mzee, viazi na muhogo hapo havihesabiwi. Akanuna mpaka nyumbani. Sasa jioni moja tumekaa chini tunakula, namhimiza mume wangu mdogo aonje bamia, akaninyooshea kidole upande wa babu akasema, "Mbona Babu ameziweka kando?" Nikatazama. Kweli, mzee amezisukuma bamia zote ukingoni kama taka za bahari, anakula wali na samaki. Na halafu nikaja kujua yeye ndiye aliyekuwa akiwapa hela za chipsi na soda pale kibandani kila alasiri, kwa hivyo ikifika magharibi watoto wameshashiba, mboga wataila na nini?

Nikakaa nikafikiri. Sie wenyewe mgeni akija tunapika biriani, tunapika pilau, kuku anachinjwa, na mchicha unatoka mwisho wa mwezi mfuko ukiwa mtupu, na tunauleta huku tunaomba radhi, "leo jamani hatuna kitu, ni mboga tu". Hiyo "tu" mtoto anaiskia. Umeshamwambia hiki si chakula, ni kukosa chakula, halafu unamlazimisha akile na unashangaa akikataa.

Basi nikabadilisha mambo. Kwanza nikaondoa zile sahani za mmoja mmoja walizozizoea, nikarudisha sinia. Nikawaita na watoto wa jirani wawili, hao wamezaliwa na mbaazi mdomoni. Wali katikati, mbaazi za nazi juu yake, mchicha pembeni, kachumbari na achari ya embe. Wa jirani wakaanza kazi, matonge yanashuka, wa Nairobi wanatazamana. Sinia haina subira mhariri, ukizubaa upande wako unaliwa na mwenzio. Mkubwa akaona mbaazi zinaisha akaingiza mkono. Hakusema kitu, mie pia sikusema, ningemsifu ningeharibu. Siku ya tatu hivi ndio akauliza pojo ni nini, nikamwonyesha mbichi kwenye gunia akacheka, "Kumbe ni ndengu!"

Pili nikawatia kazini. Tukaenda na tuktuk mpaka shamba la mtu wetu huko ukingoni mwa mto Sabaki, huko ndiko mboga nyingi tunazokula mjini hutoka, wakachuma bamia wenyewe zikawawasha mikono, wakachuma mchicha, wakabeba boga moja wanalipokezana kama mtoto mchanga. Nyumbani vita ikawa nani atakalia mbuzi, kile kigoda cha kukunia nazi. Mkubwa alijikwaruza kidole kidogo, mama yake asijue. Walipokamua tui kwa mikono yao wakaona vile la kwanza ni zito na la pili ni jepesi ndio wakataka kujua mwisho wake utakuwaje, na mtu akikipika kitu mwenyewe si rahisi akikatae.

Mchicha wenyewe siuchemshi nikamwaga maji, hiyo tabia sijui tuliitoa wapi, unamwaga na vitamini nyingi. Nakaanga kitunguu na nyanya, natia manjano kidogo, tui jepesi, mchicha uliokatwa, ukishanywea tu natia tui zito nakoroga lisikatike, naepua. Ndimu nakamulia mezani. Sie tulikuwa tunaikamulia utamu tu kumbe yule nesi ananambia ndimu inausaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, na chai ya rangi ukiinywa papo hapo na chakula inayazuia, kwa hivyo chai nimeisogeza mpaka baadaye. Bamia naziosha nazikausha kabisa kabla ya kukata, nazikaanga kwanza halafu natia ukwaju, ule utelezi unapungua sana manake watoto wa siku hizi utelezi hawauwezi. Na boga nalipika kwa tui na iliki, hilo sikuhitaji kumbembeleza mtu, waliligombania mpaka babu akaja kudoea, nami boga la babu nikalipima manake lina utamu wake.

Si kila kitu kilifaulu. Mama mmoja wa Kigiriama sokoni aliniuzia fungu la mchunga, wenyewe wanaita mutsunga, mie naupenda ule uchungu wake tangu utotoni, nikauchanganya na mnavu. Hapo watoto walinitoroka wote watatu. Sikuwalazimisha. Naskia mtoto huenda akataka kuonja kitu mara nane, kumi, ndio ulimi ukizoee, basi tuna likizo nyingi mbele yetu.

Soda nazo sikupiga marufuku, nilichofanya ni kuchukua kijiko cha chai nikawahesabia sukari kwenye glasi, karibu vijiko vinane, ndio ya chupa moja ndogo ya mililita 300. Wakanyamaza. Babu naye akanyamaza. Siku zilizobaki ilikuwa madafu, na embe za ngowe, si ndio msimu wake.

Jana mkamwana kanipigia simu kutoka Nairobi, huyu ni mtu wa bara na nampenda sana, ananambia mama, huyu mtoto wa kike analia anataka mbuzi kama wa bibi, na sisi tunakaa ghorofa ya tatu, mwenye nyumba hata paka hataki, mbuzi tutamfuga wapi? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimeshamtumia kwa basi, ameifunga babu mwenyewe kwa gunia.

Sasa mhariri ombi langu. Ule ukurasa wenu wa mapishi nimeufuatilia mwaka mzima, ni kuku wa kupaka, keki, kuku wa kuoka, biskuti, halafu kuku tena. Hebu tuwekeeni mbaazi za nazi na picha kubwa ya rangi, na sinia nzuri, na ua pembeni kama mnavyomwekea kuku. Na jina langu usiliandike tafadhali, babu husoma gazeti hili.

Bibi wa Shela,
Malindi