Swahiba, kinachokwama si kiungulia

Mpendwa swahiba,

Salamu nyingi, na ahsante kwa barua yako. Nimefurahi kusikia watoto wamepona mafua na kwamba kazi mpya imeshaanza kukuzoea. Lakini kuna sentensi umeichomeka katikati kana kwamba haina uzito: kiungulia kimepungua, ila siku hizi nyama na mkate vinakwama kifuani mpaka uvisukume kwa maji. Unajua mimi hushinda kwenye chumba cha endoskopia, kile cha kuchungulia ndani ya mwili kwa mrija wenye kamera, na watu wanaosema hivyo nawaona kila wiki. Kwa hiyo nivumilie, barua hii ni ndefu.

Kiungulia chenyewe hakinitishi. Pale umio, yaani mrija wa chakula unaotoka kooni, unapoungana na tumbo pana msuli wa mviringo unaobana ili kilichoshuka kisirudi. Ukilegea ovyo, au kipande cha tumbo kikipenya juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo (hiyo ndiyo henia ya kiwambo), asidi hupanda. Tumbo lina ute mzito wa kulikinga, umio hauna, ndiyo maana unaungua. Mtu akiwa na dalili hizo tu, kifua kuwaka baada ya kula na maji machungu kupanda mdomoni, si lazima apimwe kwa mashine. Anapewa dawa ya kupunguza asidi kwa wiki 8, kisha anaangaliwa upya. Hapo sina neno.

Neno ninalo kwa huyo aliyekuambia una vidonda vya tumbo bila kukupima chochote, ukamaliza dozi nzima ya kuua bakteria. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine. Bakteria wa Helicobacter pylori ndio kisababishi kikubwa cha vidonda hivyo, lakini hata uwaue wote, msuli uliolegea utabaki umelegea.

Na hiyo omeprazoli, dawa yako ya kupunguza asidi, unayoimeza usiku ukishakula, ukaingia kitandani! Dawa ile huzima vijipampu vya asidi vilivyo kazini, na kinachoviamsha ni chakula. Ukiimeza umeshakula, au tumbo likiwa limelala, sehemu kubwa inapita bure, maana haikai sana kwenye damu. Imeze dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo, kwa kawaida ule wa asubuhi. Wengi wanaolalamika kwamba dawa imewakataa hawajawahi kuimeza hivyo. Siku utakapoambiwa uiache, usishangae asidi ikija kwa fujo wiki chache za mwanzo, hutulia.

Sasa tuje kwenye kukwama, maana hapo ndipo usingizi wangu ulipopotelea. Jichunguze: ni vyakula vigumu tu, au hata maji? Vikiwa vigumu peke yake, na hali inazidi mwezi hadi mwezi, daktari hufikiria umio uliobanwa na kovu la asidi, au uvimbe. Sikufichi, hata saratani huanza hivyo, na ndiyo sababu sitaki usubiri. Ikiwa inakuja na kuondoka, hasa kwa mtu wa pumu na mzio kama wewe, kuna ugonjwa ambamo chembe za damu ziitwazo eosinofili hujazana kwenye ukuta wa umio. Na kama maji na chakula vyote vilikataa tangu mwanzo, hapo shaka huangukia mwendo wa misuli. Ugonjwa mmojawapo wa aina hiyo ni akalazia: msuli wa chini haufunguki na umio wenyewe umeacha kusukuma. Chakula kinakaa humo, usiku kinarudi kwenye mto, na mgonjwa anapewa dawa za asidi mwaka nenda mwaka rudi. Ukimuuliza vizuri atakuambia kilichorudi hakina uchachu. Kitachachaje, na tumboni hakijafika?

Kwa hali yako, endoskopia ndiyo ya kwanza, na uiombe mapema. Usiogope. Utakuja hujala tangu usiku, utapuliziwa dawa ya ganzi kooni yenye ladha mbaya (hiyo siitetei), utalala ubavu wa kushoto na kung'ata kipete cha plastiki. Ukitaka sindano ya usingizi, sema. Mrija wenye kamera unashuka kwenye umio, ambao kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Ukuta wake ni wa waridi iliyopauka, kisha ghafla, karibu na tumbo, unageuka mwekundu uliokolea. Mpaka huo wa rangi ndio tunaoukodolea macho. Ukiwa na michubuko tunaipima ukubwa. Wekundu ukiwa umepanda juu kuliko kawaida tunashuku umio wa Barrett, yaani ukuta uliobadilika kwa kuunguzwa na asidi muda mrefu, na tunakata vinyama vidogo vya kupeleka maabara. Wewe waambie wavikate hata kama ukuta unaonekana safi, na sehemu zaidi ya moja, kwa sababu zile eosinofili zinaweza kujificha kwenye umio usio na kasoro machoni.

Wakikuta kila kitu shwari, usikubali kuambiwa ni mawazo tu. Wengi wenye kucheua asidi umio wao huonekana mzima. Kuna kipimo cha kukaa na kijiwaya puani kwa saa 24 kinachohesabu asidi imepanda kwa muda gani. Ikizidi asilimia 6 ya muda huo, jibu limepatikana. Kuna pia manometria, inayopima msukumo wa misuli ukimeza maji, na picha ya eksirei inayopigwa ukinywa bariamu, uji mweupe unaoonekana kwenye picha.

Tiba inafuata jina la ugonjwa. Kovu hupanuliwa kwa puto, mara nyingi siku hiyohiyo unarudi nyumbani. Eosinofili hutibiwa kwa dawa ileile ya asidi, au steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kumeza, au kuondoa vyakula fulani. Akalazia hukatwa msuli, siku hizi hata kwa kupitia mdomoni. Upasuaji wa kuzungusha sehemu ya juu ya tumbo kwenye ncha ya chini ya umio upo kwa waliothibitishwa kwa vipimo, na nisingemruhusu mtu anikate kabla ya manometria.

Huku ukisubiri miadi: tafuna taratibu, chakula cha jioni kiishe muda wa saa 3 kabla ya kulala, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii, kunakunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto. Dawa nyingine zozote zimeze ukiwa umesimama, kwa glasi nzima ya maji, hasa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, maana kidonge kikinasa huchoma umio.

Mambo mawili hayangoji miadi. Kipande kikikwama hata mate hayapiti, nenda hospitali muda huohuo. Na maumivu ya kifua yakikubana yakielekea mkononi au tayani na jasho likakutoka, usijiambie ni kiungulia. Wapime moyo kwanza.

Nijibu swali moja tu kwanza: je, umepungua uzito bila kutaka? Ripoti ikitoka nitumie picha ya ukurasa wote, pamoja na majibu ya maabara, na usianze kulia kwa neno lolote humo kabla hujanipigia.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Swahiba wako