Faili la ukumbini lisipandishwe mtandaoni lilivyo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wakufunzi wa vyuo vya mkoa wetu wa Tanga, na wa kwingineko wenye tovuti za kozi. Lawama kwamba wanafunzi hawafungui masomo yaliyowekwa mtandaoni zimekuwa nyingi. Sisi kazi yetu ni TEHAMA, na tukiyatazama masomo yenyewe, mara nyingi mwanafunzi anaonewa. Amewekewa faili la PowerPoint la MB 60 naye yuko Handeni kwenye mafunzo ya vitendo, anatumia simu na bando la siku. Mihadhara 14 ya namna hiyo ni MB 840 kwa somo moja tu. Mihadhara ile ile ikiandaliwa vizuri, kila mmoja MB 3, muhula mzima unaishia MB 42.

Uzito mwingi unatokana na picha. Simu za siku hizi hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake huwa MB 3 hadi 5. Mkufunzi akiibandika kwenye slaidi kisha akaivuta pembe mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, anadhani ameipunguza, kumbe mara nyingi picha nzima bado imo ndani. Hata akiikata kingo, sehemu iliyokatwa hubaki imefichwa. Anayetaka kujua ni picha ipi inayomlemea atengeneze nakala ya faili, abadili herufi za mwisho za jina kutoka pptx kuwa zip, alifungue, kisha aingie folda ya ppt na ndani yake folda ya media. Picha na video zote zimepangwa humo na uzito wake, na mara nyingi mkosaji ni mmoja au wawili.

Dawa iko ndani ya PowerPoint yenyewe. Fanya kwenye nakala, maana ukishahifadhi hakuna kurudi. Bofya picha yoyote, nenda Picture Format, chagua Compress Pictures. Ondoa tiki kwenye sehemu inayosema picha hii tu, acha tiki kwenye kufuta sehemu zilizokatwa, kisha chagua 150 ppi, yaani pikseli 150 kwa kila inchi. Kwa nini 150? Slaidi pana ya kawaida ina inchi 13.33, na mara 150 hiyo ni pikseli 2000, zaidi kidogo ya zile 1920 za projekta nyingi. Kwa simu hata 96 inatosha. Picha za kamera ziwe JPEG. PNG iachiwe michoro na grafu, kwa sababu picha ya kamera ikihifadhiwa kama PNG huvimba bure.

Baada ya hapo tengeneza PDF, na ndiyo hiyo ipandishwe. PDF hubeba fonti zake, kwa hiyo herufi hazihami mahali zikifunguliwa kwenye simu isiyo na PowerPoint. Tumia Save As au Export. Usipitie njia ya kuprinti kwenda PDF: viungo vya tovuti hufa, na mpangilio ambao programu za kuwasomea wasioona huutegemea hupotea. Anayetumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, atakuta kwenye dirisha la kutoa PDF ubora wa JPEG umewekwa asilimia 90 na picha DPI 300. Ashushe iwe 75 na 150, na atashangaa tofauti.

Lakini PDF ina mtego wake, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Chukua somo la mkonge. Slaidi moja ina mchoro wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge: jani linaingia, ngoma yenye visu butu inakwangua nyama, singa, yaani nyuzi, zinatoka upande wa pili tayari kuoshwa na kuanikwa. Ukumbini mkufunzi akibofya, maelezo ya hatua ya kwanza yanatokea. Akibofya tena yanaondoka, yanakuja ya pili pale pale. Kwenye PDF hakuna kubofya. Maelezo ya hatua zote nne yanalaliana, na mwanafunzi anaona doa la herufi katikati ya mashine. Kabla ya kutoa PDF, irudufu slaidi hiyo mara tatu, na kwenye kila moja ubakishe hatua moja tu. Kama vitu vinaongezeka tu bila kuondoka, hakuna haja ya kuhangaika, slaidi itatoka imekamilika.

Ukubwa wa herufi nao unahitaji hesabu. Slaidi ya sentimita 34 ikionyeshwa kwenye simu iliyoshikwa wima, yenye upana wa sentimita 7 hivi, hupungua karibu mara tano. Herufi za 18 zinakuwa chini ya 4, hazisomeki bila kuvutavuta kioo. Simu ikilazwa, zile zile zinakuwa kama 8, zinasomeka kwa shida kidogo. Kwa hiyo 24 iwe ndiyo ndogo kabisa, na jedwali la safu kumi ligawanywe slaidi mbili. Kwa sababu hiyo hiyo msipandishe PDF yenye slaidi sita kwa ukurasa. Wekeni slaidi moja kwa ukurasa. Anayetaka sita kwenye karatasi moja, kijana wa steshenari pale Ngamiani atamfanyia wakati wa kuprinti. Na jamani, ile mandhari nyeusi yenye maandishi ya njano! Ukumbini inapendeza, kwenye karatasi inakunywa wino na herufi zinatoka kijivu juu ya kijivu. Toleo la mtandaoni liwe na mandhari nyeupe.

Kuna jambo zito kuliko MB. Faili la pptx hubeba visivyoonekana ukumbini: slaidi zilizofichwa, pengine zenye majibu ya jaribio la wiki ijayo, na noti za msemaji. Hatari zaidi ni grafu iliyonakiliwa kutoka Excel. Ikibandikwa pamoja na kitabu chake, karatasi zote za Excel zinaingia ndani ya slaidi, hata kama kinachoonekana ni nguzo tano tu za rangi. Mwanafunzi akibofya mara mbili anaweza kufika kwenye majina na alama za darasa zima. Hilo si uzembe mdogo, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Grafu ibandikwe kama picha. Na kama ni lazima kupandisha pptx, pitisha kwanza Inspect Document, iliyo chini ya File, Info, kisha Check for Issues.

Noti za msemaji zenyewe si adui. Slaidi yenye maneno matano haimsaidii aliyekosa kipindi. Zisafishwe, ziandikwe sentensi mbili tatu zinazojitegemea, kisha PDF itolewe kwa mtindo wa kurasa za noti. Anayependa sauti arekodi sauti peke yake: MP3 ya 64 kbps, mono, ni kama nusu MB kwa dakika, kwa hiyo dakika 20 hazifiki MB 10. Video ya muda huo huo huwa nzito mara nyingi zaidi, na picha iliyomo ni slaidi ile ile imesimama.

Tukija kwenye tovuti yenyewe, vyuo vingi hutumia Moodle, programu ya kuendeshea tovuti za kozi, iliyoanza kutolewa mwaka 2002 na ni ya bure. Faili likikataa kupanda, msikimbilie kulaumu mtandao. Kikomo cha uzito huwekwa kwenye seva, kwenye tovuti na kwenye kozi, na kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. PHP, lugha inayoiendesha Moodle, ikiachwa kama ilivyokuja hukubali MB 2 tu. Mwambieni msimamizi wa seva aongeze. Asisahau kuongeza na post_max_size, kikomo cha jumla ya data inayotumwa kwa mkupuo mmoja, la sivyo hicho ndicho kitakachomzuia.

Majina ya mafaili yaanze kwa tarakimu mbili, kwa mfano 03-korona.pdf, ili ya 10 isitangulie ya 2. Mkirekebisha kosa msiongeze faili jipya chini ya la zamani. Fungueni mipangilio ya lile lile, mpandishe lenye jina lile lile na kuchagua Overwrite, kisha muandike kwenye maelezo tarehe ya marekebisho. Wanaoweka kiungo cha Google Drive wahakikishe kimefunguliwa kwa yeyote mwenye kiungo. Vinginevyo darasa zima litaomba ruhusa usiku wa kuamkia mtihani.

Grupu la WhatsApp lifae kwa tangazo tu. Aliyejiunga wiki ya tatu kwa kawaida haoni ya nyuma, na asiyepakua mapema hukuta faili halipatikani tena. Moodle ina programu yake ya simu inayomwezesha mwanafunzi kupakua somo akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo na kulisoma kwao Lushoto bila bando, ilimradi msimamizi ameruhusu huduma za simu kwenye mipangilio ya tovuti.

Ombi letu kwa wakuu wa vyuo ni hili: kabla ya muhula kufunguliwa, kila kozi ikaguliwe kwa simu ya bei nafuu, kwa data ya kawaida na si Wi-Fi ya ofisini, mkaguzi akiwa ameingia kama mwanafunzi. Moodle ina amri ya Switch role kwa kazi hiyo. Faili la slaidi linalozidi MB 5 lirudishwe kwa mwenyewe likapunguzwe.

Ni sisi,
Mafundi wa TEHAMA,
Ngamiani, Tanga