Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukarabati wa Datsun 240Z ya Chama

Wanachama wenzangu,

Kwa desturi taarifa ya mwenyekiti hugusa mambo yote ya chama, lakini mwaka huu naomba mniruhusu nibaki kwenye jambo moja, kwa sababu sehemu kubwa ya michango yenu na Jumamosi nyingi za mafundi wetu zimekwenda kwenye Datsun 240Z ya chama, ambayo wengine wetu tulikuwa tumeshaikatia tamaa. Hesabu za fedha mtazikuta katika taarifa ya mweka hazina. Mimi nitaeleza kazi yenyewe na maamuzi yaliyoiongoza, yakiwemo yale ambayo baadhi yenu hamkuyaafiki.

Gari liliumia katika safari yetu ya Kajiado, lilipoingia kwenye laga kavu, yaani mkondo wa mto usio na maji, kwa mwendo uliozidi kiasi, na gurudumu la mbele la upande wa betri likagonga ukingo wa kivuko cha zege. Dereva na msoma ramani wake walishuka bila jeraha. Tulidhani kilichopinda ni mkono wa gurudumu peke yake. Madigadi ilipofunguliwa, tukaona boriti ya mbele imejikunja, mnara unaoshikilia shokomzoba umepasuka kwenye mishono, na bati la chini ya kibao cha betri limeliwa na kutu hadi kidole kinapenya. Wenye magari ya aina hii wanaijua kasoro hiyo ya asidi kuchuruzika kutoka kwenye betri. Kilichotuudhi ni kwamba karakana moja, kabla gari halijafika mikononi mwetu, iliziba tundu kwa puti na kupaka rangi juu yake.

Ikumbukwe kwamba 240Z haina chesisi ya kusimama peke yake. Bodi ndiyo mifupa yake, na bati lake katika sehemu nyingi halifiki unene wa milimita moja. Ni kweli kwamba Edgar Herrmann alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1971 kwa gari la aina hii, na kwamba Shekhar Mehta aliishinda ya 1973 baada ya kulingana alama na Harry Källström, jambo ambalo wazee wetu hawachoki kulisimulia. Lakini magari yale ya kiwanda yaliimarishwa kabla ya kuingia mashindanoni, ilhali hili letu liliuzwa dukani kama gari la mtu wa kawaida.

Mjadala mkali zaidi wa kamati ulihusu kama tununue bodi nyingine na kuhamishia mitambo humo. Mimi mwenyewe nilikuwa upande huo, na leo nakiri kwamba waliopinga walikuwa na hoja nzito zaidi: bodi ile ingekuwa na umri uleule na huenda kutu ileile, nasi tungebaki na gari ambalo historia yake haituhusu. Tuliamua basi kukata kilichooza, kunyoosha kinachonyosheka, na kuimarisha pale tu ambapo gari lenyewe limetuonyesha udhaifu wake.

Bodi ilifungwa kwenye fremu ya kupimia, na vipimo vya mshazari vikachukuliwa kutoka upande uliosalimika, kabla mtu yeyote hajagusa nyundo. Mafundi walivuta boriti kidogo kidogo kwa jeki ya haidroliki, wakaitoboa mishono ya kiwandani, tone moja la uchomeleaji baada ya jingine, wakaondoa kipande kilichokunjamana na kuweka kipya kilichokunjwa humu humu karakanani. Mishono ya minara yote miwili ilichomelewa kwa vipande vifupi, wakirukaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili bati lisipate joto la kulipindisha. Baadhi yenu mliuliza kwa nini hatukuchomelea mishono yote ya gari. Jibu la fundi wetu mkuu lilikuwa kwamba sehemu ikikazwa kupita kiasi, mshtuko haupotei, bali huhamia kwenye bati jirani ambalo halijaimarishwa, na safari ijayo ufa utafunguka hapo. Kwa sababu hiyo mabamba ya kuongezea nguvu yalikatwa yakiwa mapana na yenye kingo za mviringo, ili mzigo usambae.

Kizimba cha usalama, yaani fremu ya mabomba inayowalinda waliomo ndani ya gari, kiligharimu zaidi kuliko tulivyotarajia, wala sijutii. Tao lake kuu ni bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, kama kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mashindano ya magari, zinavyoruhusu, na miguu yake imekaa juu ya mabamba ya unene wa milimita 3 yenye eneo la sentimita za mraba 120 kila moja. Ngao ya injini nayo sasa imefungwa kwenye boriti zote mbili. Ile ya zamani ilining'inia kwenye bati jembamba, na kila jiwe lililoigonga lilikuwa likilivuta bati hilo.

Uchomeleaji ulipokwisha, tulipaka rangi nyekundu ya kupenya kwenye kila mshono mpya, tukaifuta, kisha tukanyunyiza unga mweupe. Mistari miwili myekundu ilijitokeza chini ya mnara ambao haukugongwa kabisa. Ilikwanguliwa na kuchomelewa upya, na jaribio la pili halikuonyesha kitu. Ndani ya boriti tumepuliza nta ya kuzuia kutu, na betri imewekewa sinia la plastiki.

Vipande vilivyokatwa havikutupwa. Vimeandikwa mahali vilipotoka na kutundikwa ukutani bandani, kwa mkaguzi atakayetaka kujua lipi ni la kiwanda na lipi ni letu.

Yamebaki kabureta na kurekebisha pembe za magurudumu. Naomba mkutano huu uidhinishe kanuni moja mpya: baada ya kila safari ngao ya injini ifunguliwe na mishono ya minara ikaguliwe kabla gari halijarudishwa bandani, na aliyeliendesha awepo wakati wa ukaguzi huo na kutia sahihi kwenye daftari.