Gari likijiendesha lenyewe, kadi itaandikwa jina la nani?

Ndugu Mhariri,

Nawaandikia kutoka Phoenix, Arizona, mwaka wa saba sasa niko huku na kazi yangu ni kubeba abiria wa kwenye app kwa gari yangu mwenyewe. Naona nyumbani Tanzania watu wanabishana mitandaoni kuhusu magari ya umeme yasiyo na dereva kama vile ni hadithi, jamani huku sio hadithi, kampuni ya Waymo ilianza kuuza safari hapa Desemba 2018 na toka 2020 mtu yeyote anaita gari linakuja mbele hamna mtu kabisa.

Mwezi uliopita nikapanda mwenyewe nikione hicho kinachokuja kuchukua kazi yangu. Jaguar nyeupe, juu ya paa kuna kidude kinawaka herufi za jina lako usije ukapanda ya mwenzio, unafunga mkanda unabonyeza kwenye skrini usukani unaanza kuzunguka wenyewe. Bibi mmoja akakatisha pasipo na zebra, likasimama taratibu likamsubiri mpaka akamaliza. Nasema ukweli, sikuogopa. Ajali zipo, Machi 2018 hapo jirani Tempe gari la majaribio la Uber lilimgonga mama aliyekuwa anavuka na baiskeli usiku akafariki, na ndani alikuwepo msimamizi. Lakini wasiwasi wangu mkubwa hauko hapo.

Uko kwenye kadi ya gari. Nikiwa Mbagala niliendesha bajaji ya mkataba, kila jioni napeleka hesabu kwa bosi, siku ikiwa mbovu nakopa kwa mwenzangu kijiweni najazia, ikaenda hivo mwaka na miezi mitano mpaka bosi akanikabidhi kadi. Mama aliishika ile kadi akaisoma yote mpaka namba ya injini. Ile bajaji ndo imesomesha wadogo zangu wawili. Sasa hizi Waymo huku zote ni za kampuni, nauli ya abiria wa Phoenix inaenda California kwenye makao makuu yao, hakuna bosi wa mtaani, hakuna deiwaka wa kushika usukani jioni ukichoka, wanabaki watu wachache wa kuyaosha na kuyachaji.

Wanaoyatetea wanasema gari ya mtu inalala imepaki muda mwingi kuliko inavyotembea, kwahiyo tukitumia magari machache kwa zamu barabara zitapumua na hakuna haja ya kila mtu kununua lake. Ni kweli, hata langu linalala. Ila lile lililonishusha liliondoka tupu kumfuata mteja mwingine, na kila dereva anajua kilomita za kurudi tupu zinavyokula barabara, halafu fikiria mtu wa Masaki ana lake binafsi, kashuka Posta, alipie parking ya nini wakati anaweza kuliambia lizunguke zunguke mpaka atakapotoka? Hapo foleni inaongezeka na ndani ya magari hamna hata mtu. Na magari haya ya umeme hayanunui mafuta, wakati Mfuko wa Barabara kwetu unategemea sana tozo ya mafuta, maana yake lami wanayotembelea itaendelea kulipiwa na wa daladala na bodaboda.

Siyapingi magari haya, yatakuja tu. Ninachoomba ni LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na wizara waandike mapema kwenye kanuni kwamba leseni ya kubeba abiria kwa gari la kujiendesha isiishie kwa kampuni moja kubwa, saccos za madereva wa bajaji na bodaboda nazo ziweze kununua gari moja, mawili, kadi iandikwe jina lao na waliingize kazini kama wengine. Naomba gazeti lenu mumuulize waziri swali hilo sasa hivi, kwa sababu sisi madereva wa Phoenix tulianza kuuliza magari yakiwa tayari yameshaingia barabarani.

Msomaji wenu,
Phoenix, Arizona