Barua kwa mwanangu: hiyo saa saba mchana

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Nimefurahi, tena sana, kwamba kuna watu wameziona picha zako wakasema kazi yetu tumpe huyu. Ila furaha yangu imekwama pale ulipoandika kwamba mmekubaliana kupiga picha Jumamosi, saa saba mchana. Saa saba, mwanangu! Nje, watu sita, miongoni mwao bibi wa miaka 70 na mtoto anayejifunza kutembea. Nakuomba uwapigie leo, uwaulize kama mnaweza kusogeza. Kama jua linazama saa kumi na mbili na nusu, anzeni saa kumi na moja. Wakipenda asubuhi, iwe ndani ya saa moja na nusu ya kwanza baada ya jua kutoka.

Najua utasema mama anaanza. Lakini hebu fikiria uso wa mtu aliyesimama chini ya jua la utosini. Paji la uso linang'aa, ncha ya pua inang'aa, macho yanakuwa mashimo mawili meusi, na kivuli cha pua kinashuka hadi juu ya mdomo kama masharubu. Unaweza kukinyanyua kivuli hicho kwenye kompyuta, ila utapata jicho la kijivu lisilo na nuru, na chembechembe tele juu ya ngozi. Tatizo la jua ni ukali wake pamoja na udogo wake. Kwa macho yetu ni kama sarafu tu angani, na taa ndogo hutoa kivuli chenye ukingo mkali. Wingu likilifunika, anga zima linageuka taa moja kubwa, na kivuli kilekile kinalainika mpaka hukioni kinapoanzia.

Kesho nenda pale uwanjani kwao, saa ileile mtakayopigia picha, ufanye hivi. Kunja ngumi, inyooshe mbele yako usawa wa uso, kisha jizungushe polepole hapo ulipo huku ukitazama vifundo vya vidole. Ukielekea upande mmoja, mabonde kati ya vifundo yatajaa weusi. Ukigeuka, yatafunguka, na utaona ngozi inang'aa upande mmoja na kufifia taratibu upande wa pili. Hapo ngumi ilipopendeza ndipo uso wa mtu utapendeza. Sogea hatua tano, rudia. Nusu saa ya kazi hiyo itakufaa kuliko lenzi mpya. Haya nilipaswa kukueleza miaka ile ulipokuwa ukinishikia begi. Nilidhani utajifunza kwa kunitazama, na mwanga haufundishwi kwa kumbebesha mtu begi.

Wakikataa kabisa kusogeza saa, basi jua mtalikimbia. Tafuta ukuta mrefu au ukingo wa paa wenye kivuli safi. Msimamishe mtu hatua moja tu ndani ya kivuli, uso ukitazama nje kwenye anga la wazi. Usimwingize ndani sana, maana huko mwanga unakufa. Halafu, kabla hujanyanyua kamera, mtazame machoni. Unatakiwa kuona kidoa cheupe juu ya mboni, kila jicho na chake. Kikikosekana, mgeuze kidogo, au mwambie ainue uso, mpaka kitokee. Usibonyeze chochote kabla ya kukiona. Picha zako za mwezi uliopita, zile nilizoziita "zimelala", kosa lake lilikuwa hilo tu. Nililaumu picha bila kukuonyesha kosa, na hilo halikuwa haki.

Kivuli cha mti kinadanganya wengi. Majani yana matundu, kwa hiyo jua linapenya na kuweka madoa shavuni, na doa moja jeupe kwenye shavu huliondoi tena. Majani na nyasi pia hurudisha ukijani chini ya kidevu. Ukilazimika kukaa chini ya mti, chagua wenye kivuli kizito, na mtu asimame karibu na ukingo wake. Pasipo na kivuli chochote, watu wawili wafunge shuka jeupe kwenye fimbo, walinyooshe juu ya kichwa cha anayepigwa, kama mita moja juu yake. Jua likipita kwenye kitambaa linakuwa taa pana. Liwe jeupe kweli, lisilo na maua, kwa sababu rangi ya shuka itakaa kwenye ngozi.

Saa ya jioni ina faida nyingine ambayo mchana huipati hata ufanyeje: jua linashuka, unaweza kuliweka nyuma ya bega la mtu. Nywele zinapata ukingo wa dhahabu, macho yanatulia, hakuna anayekunja uso. Kamera itaona mwanga wa nyuma na kuutia uso giza, kwa hiyo ongeza mwanga hatua moja hadi moja na theluthi mbili (hatua moja ni mwanga mara mbili) kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa. Ubao mweupe wa katoni ngumu, wa mita moja hivi, ushikwe usawa wa kifua na pembeni kidogo, urudishe mwanga usoni. Ukishikwa chini kabisa, mwanga unatoka kidevuni kwenda juu na mtu anatisha. Unaona kwa nini nang'ang'ania saa?

Sasa hiyo lenzi yako ya milimita 50. Unaipenda, na unapenda kuifungua yote hadi f/1.8 ili nyuma kuyeyuke. Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa. Kwenye jua kali, kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga), f/16 inahitaji spidi, yaani muda wa kupokea mwanga, kama 1/100 ya sekunde. Hesabu kurudi nyuma: f/8 ni 1/400, f/4 ni 1/1600, f/2.8 ni 1/3200, na f/1.8 inakaribia 1/8000. Kamera yako inaishia 1/4000. Zile picha ulizosema zimeungua kwa mwanga, ziliungua kwa sababu hiyo, na kamera ilikuwa inakuwashia namba ya spidi ikimetameta kukuonya.

Tena f/1.8 ina hatari nyingine. Kwa kamera yako na lenzi hiyo, ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, eneo linalotoka kali, bila ukungu, lina kina cha kama sentimita sita au saba tu. Jicho linakuwa kali, sikio limeyeyuka. Sasa weka watu sita hapo. Yule wa mbele atatoka vizuri na bibi, ambaye ndiye hasa wanayemtaka kwenye picha, atakuwa ukungu. Mtu mmoja mpe f/2.8. Watu sita kwenye mstari mmoja f/5.6, na wakiwa mistari miwili panda hadi f/8 na uwasogeze wa nyuma wabanane na wa mbele. Kwenye kivuli nilichokueleza, anza na f/5.6, spidi 1/250, ISO 200, kisha urekebishe. Mtoto akianza kukimbia nenda 1/500 na uongeze ISO bila woga. Chembechembe kidogo watu huzisamehe. Mtoto aliyetoka ukungu hawamsamehe.

Fokasi weka nukta moja, juu ya jicho lililo karibu nawe. Usifokasi katikati halafu ukahamisha kamera. Tundu likiwa wazi, mwendo huo mdogo tu unatosha kulipoteza jicho.

Kuhusu ngozi nakuomba uwe makini zaidi ya yote, isipokuwa saa. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unapotea. Ongeza hatua moja. Akivaa nguo nyeusi mbele ya kichaka cheusi, kamera inaongeza mwanga kupita kiasi na uso wake unapauka. Punguza theluthi mbili. Washa ile alama inayometameta panapoungua: shati jeupe likianza kumetameta kwenye mabega, rudi chini kidogo. Usiamini kioo cha nyuma ukiwa juani, soma ile grafu ya mwanga. Na beba kitambaa laini wapanguse jasho, kwa sababu mng'ao wa jasho kwenye paji la uso hauna dawa.

Rangi: kivulini mwanga unatoka kwenye anga la buluu, kwa hiyo watu hutoka kama wamepigwa baridi. Kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga chagua ile alama ya nyumba yenye kivuli pembeni, na upige RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Ukiacha otomatiki, kila picha itakuwa na rangi yake na utakesha ukizilinganisha.

Kuwapanga watu hilo sikufundishi. Una kipaji, watu hutulia mbele yako, na hicho hakinunuliwi. Ninachokumbusha ni vitu vidogo: mtu asogeze uso mbele kidogo kama anayechungulia dirishani, ndipo ashushe kidevu, taya litaonekana. Usikate picha kwenye goti, kiwiko wala kifundo cha mkono. Kwa mtoto piga magoti, kamera iwe usawa wa macho yake. Wanaokunja uso kwa mwanga wafumbe macho wote, hesabu mpaka tatu, wafumbue, na hapohapo bonyeza. Rudi nyuma mita mbili na nusu kwa picha ya uso na mabega. Ukijisogeza karibu sana, pua inakua. Watu wakae mita nne au tano mbele ya ukuta, na angalia nguzo isimwote mtu kichwani. Hii umeshaifanya mara mbili.

Bibi asisimame. Chukua kigoda kirefu kilichoko nyuma ya mlango wa uani. Mlango wenyewe bado unakwama, unyanyue kidogo ndipo uvute, na mwambie mdogo wako asiupige teke tena. Shuka jeupe liko kabatini rafu ya chini. Usiguse lile la kitanda cha wageni. Nataka lirudi bila nyasi. Betri zote mbili zichaji Ijumaa usiku, na zitoe kwenye chaji kabla ya kulala kwa sababu soketi ya sebuleni inapata joto, fundi hajaja. Kadi ifute kwa kamera yenyewe, lakini hakikisha kwanza picha za mdogo wako zimeshahamishwa, maana sina nakala nyingine, na kosa la kutokuwa na nakala si lake.

Ufunguo wa kabati nimeuweka chini ya redio. Umewapigia kuhusu saa?

Mama yako