Kuhusu Forester ya Nakawa

Kisekka, Kampala
Jumapili jioni

Ndugu yangu Baluku,

Salamu zikufikie wewe, mama watoto na mzee, ambaye nasikia mguu umeanza kupata nafuu. Huku kwetu hatujambo, ila mvua imekaza. Ikinyesha saa moja tu mfereji wa Nakivubo unafurika, na sisi wauza spea tunakimbizana kupandisha magiaboksi juu ya meza. Kahawa uliyompa dereva wa basi ilifika salama. Mke wangu ameshaficha nusu yake, nami najifanya sijui.

Umeniuliza mambo mawili: hawa Subaru, waunda magari wa Japani, ni akina nani hasa, hata mtu akiwataja ama anasifu mpaka anaapa ama anatema mate, na je, uchukue ile Forester yao uliyoiona kwenye bondi ya Nakawa (yadi ya magari yaliyoagizwa nje), au umsikilize shemeji anayesema gari ni Toyota, mengine yote ni makopo.

Naanza na shemeji, maana najua ukisoma barua hii atakuwa amekaa karibu. Mwambie hiyo Toyota anayoiapia inamiliki takriban asilimia 20 ya Subaru. Ilianza kununua hisa mwaka 2005 kutoka kwa General Motors ya Marekani, ikaongeza kidogo kidogo hadi ikafika hapo. Na lile gari dogo la michezo linaloitwa Toyota GR86 linaundwa kiwandani kwa Subaru, huko Ota, mkoa wa Gunma. Kwa hiyo akitukana Subaru, anatukana na mashemeji wa Toyota.

Ota penyewe ndipo mambo yalipoanzia, na yalianza na ndege. Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Japani, alianzisha karakana ya kuunda ndege mwaka 1917. Kufikia vita vya pili ilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya ndege Japani: iliunda ndege ya kivita iitwayo Hayabusa, na hata zile Zero ambazo watu wanazijua kuwa za Mitsubishi, zaidi ya nusu zilitoka kwa Nakajima. Mwaka 1945 Japani ikashindwa, Wamarekani wakapiga marufuku kuunda ndege. Hebu fikiria: mafundi wenye mikono ya dhahabu, bohari zimejaa vyuma, kazi hakuna. Walichofanya mwaka 1946 ni kuunda pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit, na kwa magurudumu wakachukua yale ya mkiani ya ndege za mabomu yaliyokuwa yamebaki. Mtu yeyote wa Kisekka angewapa mkono. Hapa tunaishi kwa kazi hiyohiyo, kutoa kitu palipokufa na kukifunga panapohitajika.

Kampuni ya Nakajima ilivunjwa vipande vipande, na mwaka 1953 vitano kati ya vipande hivyo vikaungana tena kwa jina la Fuji Heavy Industries. Zile nyota sita unazoziona puani mwa gari ni Kilimia: kubwa moja ni kampuni ya muungano, ndogo tano ni zile zilizoungana. Jina la Fuji limekuja kuachwa juzi tu, mwaka 2017, sasa kampuni nzima inaitwa Subaru. Gari lao la kwanza kuuzika kwa wingi lilitoka 1958, Subaru 360, kijigari cha injini ya cc 356 iliyokaa nyuma. Pikipiki za bodaboda za cc 100, tatu na nusu ukizijumlisha unapata injini hiyo, na Wajapani walipanda humo baba, mama na watoto.

Kilichotuhusu sisi kilikuja baadaye. Mwaka 1966 walitoa Subaru 1000 yenye injini ya boksa, na tangu hapo hawajaiacha. (Usichanganye na Boxer, ile pikipiki ya boda.) Katika injini ya kawaida pistoni zinasimama wima kwenye mstari. Katika hii zimelala, mbili huku mbili kule, zinapigiana ngumi kama wanamasumbwi. Uzito wa injini unakaa chini, mtikisiko unapungua, na gari linashika barabara kwenye kona. Kisha kampuni ya umeme ya Tohoku, sehemu yenye milima na theluji kaskazini mwa Japani, ikataka gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya bila kupigwa baridi ndani ya gari la jeep. Hapo ndipo ilipozaliwa Leone ya 1972, gari la kawaida la kubebea watu na mizigo ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Nikisoma habari hiyo huwa naiona barabara ya kwenda Kyarumba, huko kwenu Kasese, wakati wa mvua. Theluji hatuna, isipokuwa ile ya juu Rwenzori, lakini tope tunalo la kutosha.

Afrika Mashariki iliijua Subaru kwa Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953 na zamani yalikuwa yakipita hata huku Uganda. Colin McRae aliyashinda 1997 na Richard Burns 2000, wote na Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu. McRae alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, Burns akaupata ubingwa huo 2001, Petter Solberg akafuata 2003. Mwishoni mwa 2008 kampuni ikajitoa kwenye ubingwa wa dunia, ila vijana wa Kampala hawajapata taarifa. Bado wanapaka buluu, wanafunga rimu za dhahabu, na usiku wa Jumamosi wanatuamsha. Ule mngurumo wa kukatakata unaowapagawisha unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu kutoka kila upande wa injini. Subaru nyingi za kisasa zimelinganishwa mabomba na sauti imepungua, basi wapo wanaolipa pesa nzuri kufungiwa ya zamani. Pesa yao.

Sasa wenye magari wanasemaje. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta, na mtu akija kununua spea hamfichi muuzaji kitu, kama mgonjwa na daktari wa jino. Wenye Forester ndio wapole zaidi. Wengi ni watu wa familia, walimu, manesi wanaofanya kazi nje ya mji, akina mama wa Kira na Ntinda wanaopeleka watoto shule. Wanaipenda kwa vioo vyake vikubwa, kwa jinsi ilivyoinuka zaidi ya sentimita 20 kutoka ardhini, na kwa kuwa kwenye marramu ya utelezi haiwatii hofu. Lalamiko lao ni moja, mafuta. Ukizoea Premio au Vitz za Toyota, Subaru kwenye foleni ya Jinja Road itakufundisha hesabu. Wenye Legacy, hasa zile ndefu za mizigo, ni watu wa safari ndefu na wana majivuno ya kimyakimya. Watakuhadithia kwamba mwaka 1989 Legacy ilikimbizwa Arizona kilomita 100,000 kwa siku 19 mfululizo, kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Ni kweli, ilifanyika. Wasichokuambia ni kwamba gari lile lilikuwa na mafundi wakilisubiri kila liliposimama, na wao wana fundi mmoja tu Ndeeba ambaye simu yake imezimwa.

Wenye turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu, ni kabila jingine. Wananunua Impreza WRX au Forester ya turbo kwa bei iliyowavutia, kumbe bei imeshuka kwa sababu mwenye kuiuza ameshachoka. Turbo inataka oili safi, nzuri, kwa wakati wake, na haisamehi. Ukisikia mtu anatema mate kwa jina la Subaru, muulize kwanza kama yake ilikuwa ya turbo. Kisha muulize oili alikuwa akibadilisha lini. Nimeona wengi wananyamaza hapo.

Hata isiyo na turbo ina mambo yake, na sitakuficha kwa sababu nauza spea zake. Kwa kuwa injini imelala, gasketi za hedi (viziba vya kichwa cha injini) zimekaa ubavuni, oili na maji vinaziegemea muda wote. Zile injini za zamani, hasa za lita 2.5, zilijipatia sifa mbaya dunia nzima kwa kuvujisha hapo. Za lita 2 zinazotoka Japani zina nafuu, lakini ukiiacha ichemke mara moja tu umeitafutia kaburi. Kwa hiyo usije ukajaza rejeta maji ya mto Nyamwamba. Tia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, na mshale wa joto ukipanda simama hapohapo, hata kama abiria ni mkweo. Plagi nazo zimejificha pembeni karibu na chesisi, fundi asiyezizoea atakulipisha jasho lake.

Halafu matairi. Hapa ndipo Waganda tunapoiua Subaru huku tukidhani tunaihudumia. Sisi tunanunua tairi moja leo, jingine ada ya shule ikishalipwa, na la tatu ni la mtumba. Kwa Premio hakuna shida. Lakini Subaru inazungusha magurudumu yote manne kila dakika, na mawili yakiwa mapya na mawili yameisha, yanapishana mzingo. Ile klachi iliyopo katikati ya mbele na nyuma inadhani kuna gurudumu linateleza, inafanya kazi bila kupumzika, inapata moto, inakufa. Dalili utaijua ukikata kona kali polepole: gari linakaza kana kwamba mtu ameshika breki. Mteja anakuja kwangu kutafuta giaboksi nzima, ninamwomba anionyeshe matairi, na jibu tunalipata palepale barabarani. Nunua manne ya saizi moja na chapa moja, na yazungushe nafasi kabla hayajatofautiana. Kama huwezi kununua manne kwa mpigo, basi hili gari si lako, na hilo nakuambia kwa upendo.

Kuhusu hiyo ya Nakawa. Sheria ya 2018 inakataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu liundwe, kwa hiyo zile Forester za zamani utazipata kwa mtu tu, zenye namba za Uganda tayari na ugonjwa wa Uganda tayari. Uliyonielezea inaonekana ni ya kizazi cha tatu, iliyotoka kati ya 2008 na 2012. Ndani ya kizazi hicho kuna mpaka. Mpaka mwaka 2010 walifunga injini ya mkanda wa taiming, ambao unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000; ukikatika, valvu na pistoni zinagongana na umebaki na chuma chakavu. Na kwa vile kilomita za bondi sizisadiki hata kidogo, hiyo ungeibadilisha mkanda siku ileile unayoitoa. Kuanzia mwishoni mwa 2010 zile zisizo na turbo wakazifungia injini mpya ya cheni, mkanda hakuna. Baadhi ya injini hizo mpya zilionekana kula oili. Huko Marekani wenye magari walienda mahakamani, na mwaka 2016 kesi ikaishia kampuni kukubali kurefusha dhamana. Sisi dhamana hatuna, tuna kijiti cha kupimia oili. Kipime kila Jumamosi.

Ile ya 2013 kuja juu utavutiwa na sura yake, lakini giaboksi yake ni ile isiyo na gia, inayoitwa CVT, na mafundi wa Kasese bado watataka kujifunzia kwako. Iache.

Neno langu ni hili. Ungekuwa unaendesha lami tu, Kasese mjini hadi Mpondwe na kurudi, ningekuambia umsikilize shemeji ukanunue Premio ulale usingizi. Na jambo moja yuko sahihi kabisa: spea ya Toyota utaipata kwenye duka lolote mpaka Bwera, ya Subaru utangoja basi litoke kwangu. Lakini wewe kahawa yako iko juu milimani, na msimu wa kuichukua ndio msimu wa mvua. Umeshalala njiani mara ngapi na ile gari ya kukodi? Chukua Forester isiyo ya turbo, ya cheni, na usimalize pesa zote bondini. Weka akiba ya oili, kulanti, matairi manne na bushi za mbele, kabla hujaipeleka kwa mama watoto kumwonyesha.

Na usimtumie dalali hata shilingi. Njoo Kampala, ulale kwangu, tufike bondini saa moja asubuhi. Wale jamaa huyawasha magari mapema ili mteja akifika injini iwe imeshapata joto na haisemi siri zake. Mimi nataka kuisikia ikiwa baridi. Kwa sasa mwombe dalali akutumie namba ya chesisi, unipe mimi. Ikianza na SH5 ni ya mkanda, ikianza na SHJ ni ya cheni. Akisita kuitoa, tafuta gari jingine, Nakawa hazikosekani.

Nisalimie wote wa Kilembe.

Ndugu yako,
Musa